Wimbo Ufike na Jina Lake

Hotuba kwa wanamuziki, wanakwaya na watayarishaji wa muziki wa Dodoma na Singida

Mbukwenyi!

Wazee wetu wa zeze na marimba, shikamooni. Mama zetu wa ngoma ya muheme, shikamooni. Wanakwaya, Bwana Yesu asifiwe, na Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zangu wa kaswida mliotoka Kondoa, asalaam aleikum. Vijana wa Bongo Fleva na singeli, mambo vipi.

Nimeombwa nizungumzie namna mwanamuziki asiye na lebo, wala meneja wa kumlipia matangazo, anavyoweza kupata wasikilizaji mtandaoni. Kazi yangu ni kurekodi na kupandisha nyimbo za watu wa huku kwetu, kwa hiyo nitasema ninayoyaona kila siku mezani kwangu.

Nianze na hili: wasikilizaji mnao tayari. Piteni kwenye vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye flashi na memori kadi, pale stendi, Majengo, Sabasaba, au mnadani Msalato. Kijana amekaa na kompyuta yake, mafolda yamepangwa: GOGO MIX, KWAYA MPYA, SINGELI KALI. Mteja anachomoa memori kadi kwenye kitochi chake, anasema niwekee ule wa Kigogo wenye marimba, ule unaopigwa kwenye maharusi. Kijana anaujua. Anaubonyeza, unalia, mteja anacheka: ndiyo wenyewe. Sasa muulizeni kijana kaimba nani. Hajui. Tazameni kwenye kioo cha kompyuta: faili linaitwa AUD, kisha tarehe, kisha WA na tarakimu. Maana yake lilifika pale kwa WhatsApp, na WhatsApp ndiyo iliyolipa jina.

Wimbo huo una mwenyewe. Yawezekana kabisa yumo humu ukumbini. Unapigwa Bahi, unapigwa Mpwapwa na Manyoni, madereva wa malori wameufikisha mbali zaidi, na mtu aliyeupenda akitaka wa pili wa mwimbaji huyohuyo hana pa kuanzia. Kwa maoni yangu hilo ndilo tatizo kubwa la muziki wa kanda hii ya kati. Tunalalamikia studio, tunalalamikia redio za Dar es Salaam, tunalalamikia bei ya bando, na yote yana ukweli wake. Lakini watu wanatusikia na hawawezi kutupata, na hiyo haihitaji fedha kuirekebisha.

Wazee walilijua jambo hili kabla ya simu. Sikilizeni muziki wa dansi wa zamani: ndani ya wimbo linatajwa jina la bendi, mpiga solo anaitwa kwa jina lake apige, mwimbaji naye anajitaja. Sikilizeni waimbaji wetu wa Kigogo wakiwa uwanjani: anajitaja, anataja kijiji chake, anamtaja na aliyemwalika. Jina lililoimbwa halifutiki hata faili libadilishwe jina mara kumi. Siku hizi tumegeuza mambo. Sekunde za mwanzo za wimbo zinamtaja prodyuza na studio yake, halafu mwimbaji anaimba dakika nne nzima bila kusema yeye ni nani! Mimi ni prodyuza, na ninawaomba maprodyuza wenzangu mliomo humu: tuipishe hiyo nafasi ya mwanzo, tumpe mwenye wimbo.

Kuna kwaya moja ya upande wa Kongwa niliyoirekodi, mwalimu wao akakubali tuongeze mstari mmoja kwenye kiitikio cha mwisho, unaotaja jina la kwaya na mahali inapotoka. Alihofia utaonekana ni tangazo. Tukawapa wenye sauti ya nne waubebe chini, wengine wakishikilia "haleluya" juu yao. Ukakaa vizuri mno, kiasi kwamba ukiutoa leo wimbo unapwaya. Sasa wimbo huo ukipigwa popote, kwenye daladala au msibani, unasema wenyewe ni wa nani.

La pili ni faili lenyewe. Kabla halijatoka studio kwenda popote, hata kwa mjomba wako, lijazwe taarifa zake ndani: jina la wimbo, jina la msanii, mwaka, picha ya kava. Programu ya Mp3tag kwenye Windows haina malipo, na kazi yenyewe ni ya dakika chache. Taarifa hizo zinakaa ndani ya faili, kwa hiyo hata mtu akilibadilisha jina kwa nje, simu nyingi na redio nyingi za magari zitaonyesha msanii. Pale panapoulizwa jina la albamu, kwa kuwa wengi wenu hamna albamu bado, andikeni jina la chaneli yenu ya YouTube. Na mkituma wimbo kwa WhatsApp, utumeni kama dokyumenti, msiutume kama sauti. Ukienda kama dokyumenti unabaki na jina mliloliandika. Ukienda kama sauti, ndipo zinapozaliwa zile AUD.

Wengine mnaogopa kutoa faili kabisa, mnasema watu wataibiana bure. Nawaelewa. Lakini mtu wa kitochi kule Chemba hatafungua programu ya muziki kama Spotify, na bando lake la wiki analitunza kwa mambo mengine. Wimbo wake anaupata kwenye kile kibanda. Tukimnyima sisi, atapewa na mwingine ule usio na jina. Mimi nashauri muwatembelee vijana wa vibanda, muwape nyimbo zilizojazwa taarifa, na muombe zile za AUD zifutwe. Nimeona wanakubali kwa furaha, kwa sababu hata wao wanapata shida wateja wakiulizia. Hivyohivyo na madijei wanaotengeneza mikisi. Mpe dijei faili safi lenye jina, na mwombe alitaje jina lako anapochanganya.

Tuje mtandaoni sasa. Jina lako liwe moja kila mahali, herufi kwa herufi. Kuna kijana mwenye sauti nzuri sana ambaye YouTube ameandika jina kwa K, Boomplay kwa C, Audiomack akaongeza tarakimu mbili mbele. Mitambo ya kutafutia inamhesabu kama watu watatu, na kila mmoja ana wasikilizaji wachache. Kabla hujachagua jina la sanaa, liandike kwanza YouTube na Spotify uone kama lina mwenyewe. Ukiwa na jina moja na msanii wa nchi nyingine, nyimbo zako zinaweza kuingia kwenye ukurasa wake na za kwake kwako, na kuzitenganisha ni barua nyingi na kampuni ya usambazaji, ile inayokupandishia nyimbo kwenye Spotify na kwingineko. Wanakwaya, nyie ndio hasa. Kwaya ya Vijana ziko ngapi Tanzania? Wekeni usharika au parokia, wekeni na mji. Jina refu halina ubaya kama linapatikana.

Chini ya video kuna nafasi ya maelezo, na wengi wetu tunaiacha tupu au tunaweka namba ya simu peke yake. Hapo ndipo pa kuandika maneno yote ya wimbo, majina ya wapigaji, ala zilizotumika, kijiji, na lugha mliyoimbia. Nawasemea hasa wazee wa zeze. Mzee wetu Hukwe Zawose, Mgogo wa hapahapa, aliitwa na Mwalimu Nyerere akatoka huku, akafundisha na kupiga muziki Bagamoyo kwa miaka mingi, na mwaka 1996 albamu yake ya Chibite ikatolewa Uingereza na Real World, lebo aliyoianzisha Peter Gabriel. Alifariki Desemba 2003. Mpaka leo kuna watu Ulaya, Japani na Marekani wanaoandika kwenye kisanduku cha kutafutia jina la Zawose, au neno Wagogo, au ilimba, yaani marimba yetu ya vidole gumba. Wanatafuta kile ambacho baadhi yenu mnakipiga kila wiki Chamwino na Mvumi. Hawawapati, kwa sababu video zenu zimeandikwa "ngoma kali 2" na hazina neno jingine. Mkiandika jina la wimbo, jina la kundi, kisha Wagogo, Dodoma, zeze, ilimba, mtu huyo atafika mlangoni kwenu bila kulipiwa tangazo.

Na akifika, mwonyesheni anachokitaka. Programu ya YouTube Studio ina mstari unaoonyesha watazamaji wanaondokea wapi. Nimekaa na wasanii wengi tukiutazama, na mara nyingi unaporomoka mahali palepale: mwanzoni, wakati nembo ya studio inazunguka, droni inapita juu ya mji, majina ya wadhamini yanapanda na kushuka, na muziki bado haujaanza. Watu wanaingia kusikiliza wimbo, wanaonyeshwa paa za nyumba. Anzeni na sauti. Kama ni marimba, simu ikae karibu na vidole gumba tuone vinavyogonga zile chuma. Kundi moja la wazee lilirekodiwa hivyo, kwa simu tu, chini ya mbuyu, mchana mkavu hata upepo haupo, na mstari wao ukabaki juu hadi mwisho. Ilinifurahisha kuliko video yoyote ya gharama niliyowahi kupandisha.

Kuna watakaowaambia mbadilishe muziki wenu ili ukubalike nje. Tazameni singeli. Ilizaliwa uswahilini Dar es Salaam, kwa mwendo wake ule wa kasi, na wengi mjini waliidharau. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, nyimbo za studio ya Sisso ya Dar, ikauza mtandaoni kupitia Bandcamp. Hawakuipunguza kasi, wala hawakuipaka rangi ya kizungu. Baadaye madijei na wasanii wa studio ile walialikwa kwenye matamasha ya Ulaya. Mgogo akiimba Kigogo kwa sauti zile zetu za kupokezana, anaimba kitu ambacho mwenye lebo kubwa Lagos hawezi kukitengeneza. Msikifiche.

Sasa hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu kupatikana ni nusu ya kazi. Mtu amekupata, amesikiliza, amependa. Kesho unampataje? YouTube haikupi namba yake, wala TikTok. Siku wakibadilisha mitambo yao, watu wako wote wamebaki kwao. Kwa hiyo kila msanii hapa awe na watu wake mwenyewe kwenye simu yake. WhatsApp ina orodha ya kutangazia, unaandika ujumbe mmoja ukawafikia watu hadi 256, na kila mmoja anaupokea kama umemwandikia yeye. Lakini una sharti ambalo wengi hawalijui: ujumbe unamfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako. Kwa hiyo ukimaliza kutumbuiza kwenye harusi, shika maiki, taja jina lako, taja namba, useme: ihifadhini sasa hivi, nitumieni neno moja tu, nitawarushia wimbo huu leo usiku. Na uurushe kweli leo usiku. Wakiwa wengi zaidi ya hapo, fungua chaneli ya WhatsApp, ila usiache ile orodha ya wachache, kwa sababu hao ndio wanaojibu.

Na ujumbe usiwe wa kuomba tu. Kama kila ukiandika ni "nisapoti, shea, bonyeza kengele", baada ya mwezi watakuzima. Mtumie kipande cha mazoezi. Mwambie wimbo huu unamhusu nani. Mwulize kati ya vibwagizo viwili apendacho. Akijibu, mjibu kwa jina lake. Naona wasanii wanaopata maoni kumi chini ya video na hawajibu hata moja, halafu wananiuliza watu elfu moja wanapatikanaje. Mjibuni kwanza yule mama wa Ipagala aliyeandika kwamba wimbo wenu umemkumbusha marehemu baba yake. Mama yule ana dada Mwanza, ana watoto Dar, ana kikundi cha ukoo chenye watu wengi kuliko watazamaji wenu wote. Watu wa kwetu waliotawanyika mijini ndio wasambazaji wakubwa wa muziki wa kwetu. Wanaukumbuka nyumbani. Na tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, hata kuja kwenye shoo ya Jumamosi imekuwa rahisi kwao.

Kuhusu siku ya kuachia wimbo: dunia nzima imezoea Ijumaa tangu mwaka 2015, na kwenye Spotify ni vizuri kufuata hivyo. Kwa msikilizaji wetu mimi naangalia kalenda nyingine. Wimbo wa harusi utoke kabla ya mavuno kwisha, kwa sababu maharusi na ngoma huja baada ya hapo, watu wakiwa na chakula na fedha. Wimbo wa Pasaka utoke Kwaresma ikiwa katikati, ili kwaya nyingine zipate muda wa kuujifunza. Ndiyo, kwaya nyingine zikiuimba ni faida kwenu. Kampuni ya usambazaji mpelekeeni wimbo wiki tatu au nne kabla, na kwenye Spotify muupendekeze kwa wahariri wao angalau siku 7 kabla ya kutoka. Mkifanya hivyo, wafuasi wenu wanawekewa wimbo kwenye orodha yao ya nyimbo mpya hata kama wahariri hawajauchagua. Anayepandisha Alhamisi usiku ili utoke Ijumaa anaipoteza nafasi hiyo ya bure.

Fedha. Nitasema wazi ili mtu asiuze mbuzi kwa matumaini hewa. YouTube, ili ulipwe kwa matangazo, inataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Spotify, tangu mwaka 2024, wimbo usiofikisha usikilizwaji 1,000 katika miezi 12 haulipwi. Kwa hiyo miaka ya mwanzo fedha yako itatoka kwenye harusi, shoo, uzinduzi na kufundisha, na mtandao utakuwa unakuletea simu za mialiko. Ukiujua ukweli huo mapema, hutakata tamaa mwezi wa tatu.

Na kwa sababu masharti hayo yanaumiza, wamejaa watu wanaouza watazamaji. Wanawafuata kwenye inboksi: elfu kumi kwa shilingi kadhaa. Nawasihi, msinunue. Nimeziona takwimu za msanii aliyenunua. Orodha ya miji inaanza na miji ambayo hakuna anayejua hata neno moja la Kiswahili, kila mmoja amesikiliza sekunde chache akaondoka, na mtambo ukajifunza kwamba wimbo ule haupendwi. Tangu hapo ukawa unapelekwa kwa watu wasio wake. Spotify huziondoa hesabu hizo, na tangu 2024 huitoza faini kampuni ya usambazaji ikikuta udanganyifu wa wazi kwenye wimbo. Kampuni nazo hazina huruma, zinaushusha wimbo, pengine na nyimbo zako zote. Kijana yule alikuwa na wasikilizaji wa kweli wachache wa Nkuhungu na Chang'ombe waliompenda. Hao alikuwa nao kabla ya kununua, na ndio aliowaharibia njia.

Haki nitazipitia haraka, maana zinahitaji siku yake. Sajilini kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na mjisajili BASATA, baraza la sanaa. Biti iwe na maandishi ya makubaliano na prodyuza, hata ukurasa mmoja wenye sahihi mbili. Msiimbe juu ya biti mliyoipakua YouTube, kwa sababu mfumo wao wa kutambua sauti utampa mwenye biti mapato yenu. Ziandikeni daftarini namba za ISRC, zile herufi na tarakimu 12 za kuutambulisha kila wimbo. Mkihama kampuni ya usambazaji mkaingia nyingine kwa namba zilezile na faili lilelile, hesabu za usikilizwaji zinaweza kuhama nanyi. Na muulize kabla ya kulipa: nikiacha kulipa ada ya mwaka, nyimbo zangu zinabaki au zinashushwa? Baadhi huzishusha, na wengine wenu mmefungua akaunti kwa simu ya rafiki ambaye sasa hampatikani. Akaunti iwe ya kwako, barua pepe yako, neno la siri lako.

Nimemaliza ya kusema, tubaki na ya kufanya. Nimekuja na kompyuta mbili, ziko pale meza ya nyuma, na wenzangu wawili wa studio. Leteni flashi na simu zenu tuanze kujaza taarifa kwenye nyimbo, moja baada ya nyingine, na kila mmoja aangalie namna inavyofanyika ili akafanye nyumbani. Tuanze na wazee, kisha wale wa Kondoa na Kongwa, kwa sababu magari yao yanaondoka saa kumi. Vijana wa mjini mtasubiri, na mnapokaa kwenye foleni muwe mnakubaliana kabisa jina lenu linaandikwaje.